Siku Ambayo Hakuna Mechi

Udongo wa Athi River haupendi kitu kilichonyooka. Ukiiacha barabara ya Namanga na kuelekea EPZ utaona ukuta wa mawe uliojengwa juzijuzi umeshapinda, nguzo ya stima imeinama, lami imeanza kufanya mawimbi. Si lazima fundi awe alilipua kazi. Huu ni udongo mweusi wa mbuga za Athi na Kapiti, mfinyanzi ambao ukilowa huvimba na ukikauka husinyaa. Mvua za Machi huuinua. Kiangazi huuacha na nyufa zinazoweza kumeza mkono hadi kiwiko. Mjenzi mwenye fedha huukomba wote na kuupeleka mbali kwa lori kabla ya kuweka msingi. Asiye nazo hujenga juu yake, kisha huzoea milango isiyofunga.

Juu ya udongo huo wapo watu walioamua kuwa na kiwanja kilicho sawa. Chenyewe hakina jina kwenye bango lolote. Kiko nje ya ua wa EPZ, kati ya nyumba za kupanga na vibanda vya chapati, na kina magoli mawili ya bomba na nyasi zinazokaribia kuenea kote. Wanaokitunza hawalipwi hata senti. Wengi wao hushona, hukata au hukagua nguo viwandani. Yupo fundi wa kujenga, yupo wa bodaboda, yupo mama anayeuza uji na chai alfajiri wakati zamu zinapobadilishana, na wapo vijana wanaoamka kila siku kwenda kusimama langoni wakisubiri kuitwa kibarua.

Sheria ya EPZ, yaani maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, ilipitishwa mwaka 1990, na eneo la Athi River, lenye hekta 339, ndilo linalojulikana zaidi nchini Kenya. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000 na kuruhusu nguo za Afrika kuingia kwake bila ushuru, viwanda vya nguo viliongezeka na watu wakamiminika kutoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na Kati. Kazi walipata, vyumba wakapata Kitengela, Sofia, Makadara na Mlolongo. Mahali pa kucheza ilibidi wajitafutie.

Nimekuwa nikiwatazama watunzaji hawa kwa muda, na kilichonishika ni subira yao. Bidii ni kitu cha kawaida EPZ. Mtu asiye na bidii hamalizi wiki pale. Lakini kiwandani bidii ina kipimo cha saa na idadi ya vipande. Kiwanjani watu walewale hufuata kipimo kingine: wanajua siku ya kuingia na jembe, na wanajua zaidi siku ya kutoingia kabisa.

Kazi huanza na usawa, na usawa wenyewe hueleweka vibaya. Kiwanja cha kandanda hakitakiwi kuwa bapa kabisa. Udongo mweusi ukishashiba maji haupitishi tone kwenda chini, kwa hiyo maji yasipopata njia ya juu kwa juu yatatuama hapo hadi jua liyamalize. Basi katikati huinuliwa na pande zote mbili zikateremka, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita. Kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita thelathini na kitu, na tofauti inakuwa kama sentimita 30. Jicho halioni mteremko huo. Maji yanauona.

Hawakuwa na mashine ya kuupimia. Fundi wa kujenga alileta vigingi viwili vilivyotiwa alama, uzi mrefu na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya uzi. Mmoja anashika kigingi huku, mwingine kule, wa tatu anainama katikati kutazama povu, na kazi yake yote ni kusema: "Panda. Panda kidogo. Shuka. Hapohapo." Kisha wanasogea hatua kadhaa na kuanza upya. Kifaa hicho ndicho maofisa wa kilimo walichowafundisha wakulima wa Ukambani kupimia mitaro ya mashamba, na fundi huyu alikikuta kwao akiwa mtoto. Kando ya kiwanja wamechimba mtaro unaofuata mteremko hadi kwenye kalvati ya barabara. Kila baada ya mvua kubwa mtu huutembea wote na koleo, kwa kuwa mfuko mmoja wa plastiki ukiziba mdomo wa kalvati hurudisha maji yote uwanjani.

Kazi inayofuata ni nyufa, na hapa ujuzi hujitenga na nguvu. Mtu asiyejua akiona ufa mwezi wa Februari huujaza mawe, kokoto, udongo, chochote. Anaona ametenda wema, maana hakuna atakayevunjika kifundo cha mguu. Mvua zikija, udongo unavimba na kudai nafasi yake, nayo imeshakaliwa na mawe. Hauna pa kwenda ila juu. Ikifika Mei utakuta kinundu palepale palipokuwa na ufa. Mbuga za udongo huu zina vinundu na vibonde vya asili vilivyotokea kwa njia iyo hiyo: kiangazi vumbi la juu huanguka ndani ya nyufa, na masika udongo wa chini hukosa nafasi ukajisukuma kwenda juu. Anayejaza ufa kwa mawe anaiharakisha tu kazi ambayo mbuga ingeifanya kwa miaka mingi.

Wao ufa mwembamba huuacha. Ufa mpana ulio katika njia ya wachezaji hutiwa mchanga kwa kina cha vidole vitatu tu, kiasi cha kulinda mguu, na chini yake udongo huachiwa nafasi ya kujinyoosha mvua itakapokuja. Dawa yenyewe ni kuufunika. Udongo wenye nyasi haukauki kwa ghafla, na usiokauka kwa ghafla haupasuki sana.

Mchanga nao haumwagwi ovyo. Mchanga wa mito ya Ukambani ni biashara yenye ugomvi. Majirani wa Makueni walifikia hatua ya kutunga sheria ya kaunti ya kuulinda mwaka 2015. Bei yake si ya watu wanaochanga shilingi hamsini hamsini. Kwa hiyo huuchanganya na vumbi la machimbo ya mawe, ambalo upande wa Mlolongo halikosekani, baada ya kulichekecha ili vipande vyenye makali visimchune mtu magoti. Mchanganyiko hutandazwa kwa unene usiofunika majani, ukasukumwa kwa ubao na ufagio mgumu, na nyasi zikapenya na kuota juu yake. Shimo la kina cha kiganja huhitaji misimu kadhaa ili lipotee. Ukilijaza kwa siku moja, nyasi zilizo chini hufa na badala ya shimo unabaki na kipara.

Watu wengi hudhani gogo la kubingirisha ndilo linalosawazisha. Wanalo: pipa la lita 200 lililojazwa zege, likapitishwa bomba la chuma katikati, zito karibu nusu tani, na huvutwa kwa kamba na watu sita. Lakini gogo hukandamiza tu. Penye kinundu hukandamiza kinundu, penye shimo hukandamiza shimo. Faida yake ni kukaza uso baada ya mchanga na muda kufanya kazi yao, na hata faida hiyo hupatikana katika saa chache sana. Udongo mweusi leo ni tope, kesho asubuhi uko tayari, kesho kutwa ni jiwe. Ukilivuta gogo kwenye tope unaufunga udongo hadi mizizi ikose hewa. Ukilivuta kwenye jiwe unawachosha watu sita bure.

Mwenye kauli ya mwisho kuhusu saa hizo ni mwanamume wa makamo ambaye siku za kazi hukata vitambaa. Asubuhi ya Jumapili baada ya mvua, wenzake husimama kando ya mstari wakimsubiri. Huvua viatu, huingia peku, huchimbua kidonge cha udongo kwa kisu na kukifinyanga. Kisha hukisugua taratibu kati ya viganja hadi kiwe kijiti, na kijiti hicho ndicho hukumu. Kikizidi kurefuka na kuwa chembamba bila kukatika, udongo bado mbichi. Kikianza kumeguka kikiwa na unene wa kama milimita 3, umefika. Maabara za udongo hutumia jaribio hilohilo, na kipimo chao pia ni milimita 3, ila wao wana mizani na tanuri la kukaushia. Yeye ana viganja vyake.

"Fundi, tunaingia?"

"Bado. Labda kesho kutwa."

"Kesho kutwa tuko zamu."

"Basi wiki ijayo. Udongo haujui zamu."

Kwingineko mfinyanzi wa namna hii hutafutwa kwa bidii. Watengenezaji wa viwanja vya kriketi nchini India huutumia udongo mweusi kwenye ile njia ya katikati ambapo mpira hudunda, na kule Melbourne, Australia, uwanja mkubwa wa mji huo umetumia mfinyanzi mweusi wa Merri Creek kwa kazi hiyohiyo. Sababu ni ile inayowatesa wajenzi wa Athi River: chembe zake hushikamana, na ukikandamizwa ukiwa na unyevu unaofaa hukauka na kuwa uso mgumu unaodundisha mpira kwa haki. Ubaya na uzuri wa udongo huu hutenganishwa na siku moja au mbili za unyevu, na ndiyo maana mtu mwenye viganja vya kuitambua siku hiyo husubiriwa na wote.

Kwa kuwa gogo na miguu ya watu huufunga udongo, lazima pia ufunguliwe. Fundi wa jua kali aliwachomelea fremu yenye meno ya nondo. Mtu huipanda kwa uzito wake wote, meno yanazama, anashuka, anaing'oa, anaisogeza hatua moja, anapanda tena, na hivyo hivyo kutoka goli hadi goli. Hakuna anayewapiga picha siku hiyo. Mashimo yanayobaki hutiwa mchanga kwa ufagio, na mvua ya kwanza ikinyesha unaweza kuona maji yakiingia pale ambapo mwaka uliopita yalituama.

Kuhusu nyasi, kishawishi kikubwa ni nyasi za Kikuyu. Huuzwa kwa magunia kando ya barabara, nene na za kijani kibichi, na zikipandwa leo mtu anaweza kuona matokeo upesi. Lakini ni nyasi za nyanda za juu, za baridi na mvua nyingi kama ya Limuru. Athi River mvua ni haba, jua ni kali na maji ya visima vingi yana chumvi. Hapa ukoka ndio mwenyeji. Kiangazi hugeuka rangi ya majani makavu na wageni husema umekufa. Uko hai chini ya ardhi kwenye mizizi yake inayotambaa, na baada ya mvua mbili hurudi. Watunzaji hupanda vipande vyake mvua za Oktoba zinapoanza, maana Ukambani mvua za vuli ndizo za kutegemewa zaidi. Wanapanda kwa mistari, kila kipande futi moja kutoka mwenzake, kisha wanakikanyaga kwa kisigino ili kigusane na udongo. Kisigino hicho kina maana kuliko mbolea.

Ukoka huu usidharauliwe. Viwanja vingi vya gofu na vya michezo mingine katika nchi za joto vimefunikwa na uzao wake. Huko Tifton, katika jimbo la Georgia, Marekani, wataalamu waliuzalisha na jamaa yake wa Transvaal, Afrika Kusini, wakapata aina fupi na laini kama Tifgreen ya 1956 na Tifdwarf ya 1965. Leo watu hulipa fedha nyingi kupata nyasi ambazo ukoo wake unaota bure kando ya reli ya Athi River.

Kukata nako kuna adabu yake. Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Ukiziacha nyasi zirefuke hadi magotini kisha ukazifyeka zote, unazinyima chakula, na kwa siku kadhaa uso hubaki wa manjano. Ukikata kidogo na mara kwa mara, ukoka huacha kupanda juu ukatambaa pembeni, na vipara hujifunga vyenyewe. Kwa hiyo Jumamosi alasiri, baada ya zamu ya nusu siku, utawakuta watu saba au wanane wenye slasha wamejipanga mshazari, kila mmoja hatua mbili nyuma ya mwenzake ili asimjeruhi, wakisogea kwa mwendo mmoja. Aliye mbele ndiye anayeweka kasi, na huwekwa mtu mzima makusudi. Kijana akiongoza, nusu ya mstari itakuwa imechoka kabla ya kufika katikati.

Mwaka 1830, katika mji wa Stroud nchini Uingereza, Edwin Budding alipata hataza ya mashine ya kukata nyasi, ya kwanza ya aina yake. Wazo alilitoa kwenye kiwanda cha nguo. Stroud ilikuwa nchi ya vitambaa vya sufu, na viwandani kulikuwa na mashine yenye visu vya kuzunguka iliyonyoa manyoya ya juu ya kitambaa ili uso wake uwe laini. Budding akaona kwamba kinachonyoa sufu kinaweza kunyoa bustani. Viwanja vya matufe, kriketi na tenisi ambavyo dunia inavijua leo vilitokana na mashine hiyo. Kwa hiyo mfanyakazi wa EPZ anayeshinda wiki nzima akikata nyuzi zilizobaki kwenye mishono, kisha Jumamosi akashika slasha, bado yumo ndani ya kazi yake.

Hilo huonekana zaidi wakati wa kuchora mistari. Anayeichora ni dada wa idara ya ukaguzi, mwenye jicho lililozoea kukamata mshono uliopotoka kwa milimita mbili. Huvuta uzi kutoka kona hadi kona, huupiga kwa kidole uache alama kwenye vumbi, kisha hutembea kinyumenyume akitikisa kopo la chokaa lenye tundu. Hatazami kopo. Hutazama mwisho wa uzi. "Ndani ukikosea, shati linarudi," aliniambia akiendelea kutembea. "Hapa ukikosea, wanakurudia wewe."

Ili kuelewa kazi hii inaweza kufika wapi, inafaa kuutazama mchezo ambao hakuna anayeucheza hapa: matufe ya nyasini. Nairobi Club, iliyoanzishwa mwaka 1901, ina kiwanja cha mchezo huo, na Kenya imewahi kupeleka wachezaji wake kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Matufe yalikuwamo katika michezo ya kwanza kabisa, Hamilton, Kanada, mwaka 1930, na tangu hapo yamekosekana mara moja tu, Kingston mwaka 1966. Mchezaji huvingirisha tufe lake likaribie kijitufe cheupe kuliko la mpinzani. Ugumu ni kwamba tufe halikuundwa kuwa mviringo kamili. Limechongwa ili kadiri linavyopoteza mwendo ndivyo linavyozidi kupinda. Mchezaji hulenga pembeni akitegemea mpindo huo, na uwanja ukiinama kwa upana wa kidole hesabu yote huharibika. Hapa sasa usawa unamaanisha usawa. Nyasi hukatwa hadi milimita 4 au 5, na mtaro huzunguka pande zote.

Uso wa kiwanja hicho hupimwa kwa saa. Huhesabiwa sekunde ambazo tufe hutumia kutoka mkononi hadi kusimama umbali wa mita 27. Viwanja vizito vya Uingereza huonyesha sekunde 10 hadi 12, na vizuri vya Australia na New Zealand 15 au zaidi. Ungedhani sekunde nyingi ni ishara ya kiwanja cha polepole, kumbe wenyewe hukiita cha kasi. Kwenye uso mzito mchezaji lazima alitupe tufe kwa nguvu, nalo hufika upesi na kukwama. Kwenye uso uliotunzwa huliachia kwa upole, na tufe hukokota mwendo huo mdogo hadi mwisho bila kunyang'anywa chochote njiani. Ubora wa kazi ya mtunzaji ni jinsi asivyomnyang'anya mchezaji kitu.

Watunzaji wa matufe wana desturi nyingine ambayo wa EPZ wameifikia bila kuifunzwa. Siku moja mchezo huelekezwa kaskazini na kusini, siku nyingine mashariki na magharibi, na mipaka ya njia husogezwa ili miguu isitue palepale kila mara. Katika kandanda mahali panapoumia ni mbele ya goli, anapopigia kipa hatua zake. Ndiyo sababu magoli ya bomba hapa hayakuzikwa kwenye zege. Baada ya wiki kadhaa watu wanane huyabeba na kuyasogeza hatua chache, mistari inachorwa upya, na pale palipokanyagwa hupandwa ukoka na kuzungushiwa miiba. Makipa hulalamika kwamba goli limehama. Wakionyeshwa nyasi, hunyamaza.

Kazi ngumu kuliko zote haina chombo: ni kufunga kiwanja. Mechi moja ya wachezaji 22 wenye njumu kwenye udongo mbichi huacha matundu yasiyohesabika, na jua likiwaka siku mbili, kingo za matundu hayo hukauka zikawa meno. Kazi ya miezi huondoka kwa dakika 90. Lakini jaribu kuwaeleza hayo timu mbili zilizokwisha kuvaa jezi, zilizonyimwa nafasi wiki nzima na zamu za kiwandani. Au mheshimiwa aliyeleta kombe lake, vipaza sauti na kamera karibu na uchaguzi. Watunzaji hawana askari wala barua ya kuwapa mamlaka. Wana kamba waliyoifunga kati ya magoli, na sifa yao ya kuwa watu wanaojua. Mama wa chai huketi karibu na kamba hiyo na birika lake. Nimemsikia akimwambia nahodha wa timu, "Mwanangu, ukicheza leo utacheza leo tu." Walicheza karata kibarazani hadi jioni.

Tabia hii ya kufanyia ardhi kazi pamoja ina mizizi hapa Machakos. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Ukambani inaangamia kwa mmomonyoko. Mwaka 1938, serikali ilipotaka kupunguza mifugo kwa nguvu, Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Watu walishurutishwa kuchimba mitaro, na shuruti ilipoisha mingi iliachwa. Baadaye walirudi kuchimba kwa hiari, katika makundi ya kazi ya pamoja yaitwayo mwethya, yaliyojaa wanawake, wakitengeneza matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima na udongo unaurusha upande wa juu ufanye tuta. Mvua ikiteremka, huacha udongo nyuma ya tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba lililoinama hugeuka ngazi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao mwaka 1994 wakionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua.

Wenye slasha pale EPZ si Wakamba peke yao. Mkikuyu ana ngwatio, Mluo ana saga, na kila mmoja alikuja na namna yake ya kujua zamu ya nani imefika bila kuandikiwa. Ila somo la matuta ni lao wote: watu hawawezi kulazimishwa kuisawazisha ardhi ikabaki sawa. Watasawazisha kwa siku ya ukaguzi, na msimamizi akigeuka mtaro utajaa. Kiwanja hiki hakina msimamizi, na mtaro wake haujajaa.

Wanachokosa ni hati. Mavoko, yaani Athi River na vitongoji vyake, ni mji wa kesi za ardhi. Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na waliokuwa wamejenga wakabaki wamekaa juu ya vifusi. Kila mtunzaji anajua kwamba siku yoyote gari linaweza kuja na vigingi vya wapimaji. Southampton, Uingereza, kuna kiwanja cha matufe kinachosemekana kuchezewa tangu 1299. Miaka zaidi ya 700 ya kukata, kutandaza na kusubiri imewezekana kwa kuwa ardhi ile haikugeuzwa kitu kingine. Nilipomuuliza mkata vitambaa kwa nini atandaze mchanga ambao matokeo yake yataonekana baada ya misimu kadhaa, kwenye ardhi isiyo yake, alinijibu kwamba nyumba anayolala nayo si yake, na bado huifagia.

Wanaopanga miji huweka alama ya uwanja kwenye ramani, wakaona wameshautoa. Ramani haiwezi kuuzuia uwanja usipasuke Februari na usivimbe Aprili. Kaunti ikitaka kuwasaidia watu hawa, isianze na kombe wala jukwaa. Iwape hati, bomba moja la maji yasiyo na chumvi na lori la mchanga kila mvua za vuli zinapokaribia, kisha iwaachie uamuzi wa siku ya kucheza. Na anayetaka kuujua ufundi wao asiende siku ya fainali, wakati chokaa imeng'aa na watu wamejaa kando ya mstari. Aende siku ambayo mechi imeahirishwa, amtafute aliyeiahirisha, na amwombe amwonyeshe udongo.